Mdhamini wa Zimwi

Pale karakanani walimwita Sindano, na hawakumwonea. Alikuwa mwembamba, mrefu, na ulimi wake ukikugusa lazima utoke damu. Kazi yake ilikuwa kushona makochi. Kochi linaletwa limechoka, wanaume wanalivua mpaka linabaki mbao na springi, wanabadilisha sponji, halafu Sindano anapima, anakata kitambaa na kulivisha upya. Mteja akija juu kwamba mshono umekwenda upande, bosi alikuwa anakumbuka ghafla kwamba ana haja chooni, na Sindano ndiye anayebaki kujibu. Hakuna aliyerudi kulalamika mara ya pili.

Hakuolewa. Wapo waliomhurumia kwa hilo, naye aliwaacha wahurumie, maana ni kazi inayowapa watu raha. Aliishi ghorofani, vyumba viwili na jiko, pamoja na mdogo wake wa kiume ambaye alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Mdogo mtu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha ya chuma, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Cheche. Alikuwa mcheshi, mwenye sura nzuri, na alijua kwamba ana sura nzuri, jambo ambalo wakati ule lilimpa kiburi kidogo na baadaye likamwumiza sana.

Furaha ya Sindano ilikuwa moja tu, tena ya ajabu kidogo, kwa hiyo lazima ielezwe. Miaka ya nyuma alinunua kwenye meza ya vitabu vikuukuu, kando ya barabara, kitabu kinene kisicho na jalada, akidhani ni cha hadithi. Kumbe ni cha mchezo. Mchezo wenyewe hauna ubao wala karata. Watu wanakaa mezani. Mmoja anasimulia, na wengine kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi: huyu shujaa wa upanga, yule mganga, yule mwizi wa vito. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limekatika, mnafanyaje?" Kila mtu anajibu atakalofanya, na penye shaka dadu zinarushwa. Dadu zikikataa, umeanguka mtoni na huna wa kumlaumu. Hadithi yenyewe haiishi. Wanakomea walipofika, Jumapili inayofuata wanaendelea. Msimulizi alikuwa Sindano. Mwanamke ambaye wiki nzima anahangaika na mahali watu wanapoweka makalio, Jumapili mchana alikuwa anaumba milima.

Wachezaji walikuwa watatu. Cheche mwenyewe, ambaye sikuzote alichagua kuwa mwana wa mfalme, na hakuna aliyeshangaa. Rafiki yake wa tangu shule, kinyozi wa pale kwenye kona, aliyecheza mbilikimo mwenye shoka kwa sababu, alisema, amechoka kushika vyembe. Na mchumba wa Cheche, binti aliyeuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Cheche alikuwa akienda kununua vijiti vya kuchomelea pale hata wakati anavyo tele, mpaka binti akamwuliza kama anavila. Yeye alicheza mpiga mishale. Wazazi wa binti walishakubali, siku ya harusi ilishaanza kutajwa, Sindano alishazoea kumwita wifi, na wifi mtu alishazoea kuingia jikoni bila kuuliza sukari iko wapi.

Kisha likaja tangi.

Fundi yeyote wa kuchomelea anajua kwamba tangi lililowahi kuwa na mafuta haliguswi na moto mpaka lioshwe na kujazwa maji. Cheche alijua. Mwenye tangi alimwambia lilikuwa la maji, yeye alikuwa na haraka, na siku hiyo pua yake ilikuwa imeziba kwa mafua. Ndivyo ilivyokuwa; hapana siri hapo, wala mtu wa kumwendea na fimbo. Lililipuka. Alilazwa muda mrefu, na alipotoka, upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umeshuka na kushikana na shingo, jicho limefumba, mdomo umevutwa, sikio limebaki tundu. Mikono ilipona ikiwa na ngozi ngumu yenye mabonde.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," bosi wake alimwambia, na hakuwa anapamba maneno. Nafasi yake ipo, arudi siku yoyote atakayojisikia. Lakini Cheche hakurudi. Siku ya kwanza alipojaribu kushuka ngazi kwenda dukani, mtoto wa jirani alimwona, akapiga yowe la "Zimwi!" na kumkimbilia mama yake, na mama mtu, badala ya kumkanya mwanawe, akamfunika macho. Cheche alirudi juu. Tangu siku hiyo akawa mtu wa chumbani, pazia limeshushwa, na hata dada yake alipomletea chakula aligeukia ukuta.

Watu walikuja kumpa pole. Uso umeumbwa na haya, na wa Cheche ulikuwa umeungua pamoja na haya zake. Za wenzake ndizo zilizobaki, na ziliwatesa. Walizungumza na miguu yao, wakasifu pazia, wakakumbuka kwamba wameacha kitu motoni. Wifi alikuja pia, kila Jumapili, mwanzoni. Harusi ilisogezwa mbele mpaka apone, na kila mtu alilitumia neno hilo kana kwamba kuna kupona kwingine kulikobaki.

Sindano si mtu wa kulia. Alikasirika. Alilikasirikia tangi, akayakasirikia mafua, akamkasirikia yule mama wa ghorofa ya chini mpaka akaacha kuitikia salamu yake. Na hasira ilipokosa pa kwenda, akatangaza kwamba mchezo unaendelea, Jumapili, mezani pale pale, na asiyetaka aseme. Cheche alijibu kutoka nyuma ya mlango.

"Dada, mwana wa mfalme amekufa. Mzikeni muendelee."

"Basi chagua mwingine."

"Nani? Mwenye sura hii acheze nani?" Akaugonga mlango kwa kidole. "Nipe zimwi basi."

Alisema kwa kejeli. Dada mtu akaondoka pale mlangoni akiwa amelichukua neno kama lilivyo.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Katika kile kitabu, makabila ambayo mchezaji anaruhusiwa kuwa yamo kurasa za mbele: binadamu, mbilikimo, watu wa msituni. Zimwi limewekwa nyuma, pamoja na chatu wenye vichwa vingi na maiti zinazotembea, viumbe vya kuuawa. Maelezo yake ni mafupi. Linaishi kwenye kinamasi. Ngozi yake haipenywi na mkuki, nguvu zake ni za watu wengi, jeraha lake hujifunga lenyewe, na linakula watu. Lugha halina. Jina halina, wala mama. Kiumbe cha kuuawa mama wa nini? Kulichukua hilo na kulifanya mtu unayeweza kukaa naye mezani ni kazi kama kazi nyingine, na Sindano aliifanya kwa namna aijuayo. Alilivua mpaka likabaki mbao, akaanza upya.

Wiki nzima, mashine ikinguruma, aliwaza mazimwi. Wanakula nini siku wasipopata watu? Konokono, akaamua, na mizizi ya matete. Wanalea vipi? Mama zimwi humbeba mwanawe mgongoni mpaka aote meno, halafu humshusha, maana anauma. Wanazungumza? Wanazungumza, lakini polepole, kwa sababu kwenye kinamasi hakuna anayewahi popote. Wanaoga?

"Wanaoga sana," alisema, na hakujua kwamba amesema kwa sauti. Bosi, aliyekuwa amekuja kuulizia kochi la mteja, aligeuka akarudi alikotoka.

Aliwapa mazimwi aibu. Aliwapa utani, na nyimbo za kubembelezea watoto, na mashangazi wasiokwisha maneno. Aliwapa wivu, maana asiye na wivu bado hajawa mtu. Alikuwa hajafurahi hivyo tangu siku ya tangi, na alipogundua kwamba amefurahi aliona haya kidogo.

Ikabaki mizani ya mchezo. Alikwenda kwa Kinyozi kumsomea alipofika, na Kinyozi alisikiliza huku akimnyoa mzee mmoja aliyesinzia kwenye kiti.

"Dada, Cheche nampenda, unajua," alisema alipomaliza kusikiliza. "Lakini huyo zimwi wako hafi. Ngozi haipenyeki, jeraha linajifunga. Sisi wengine humo tutafanya nini, tumshikie mkoba? Kila unachompa, lazima kuna kitu umnyang'anye. Sheria yako mwenyewe hiyo."

"Nguvu nimempunguzia."

"Haitoshi. Mtafutie udhaifu wa kweli. Unaouma."

"Anao. Watu wanamwogopa."

"Kuogopwa si udhaifu, dada. Kuogopwa ni silaha."

Yule mzee kwenye kiti akafumbua jicho moja, akasema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, akalala tena. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Ni hapo Sindano alipopata wazo lake, na heri angelikosa. Zimwi, alisema, ataenda popote porini. Mjini haingii. Penye lango walinzi watamzuia, na hapo dadu hazirushwi. Ataingia ikiwa tu ana mdhamini, mwenzake mmoja wa safari ambaye zimwi mwenyewe anamchagua mwanzoni na hawezi kumbadilisha. Mdhamini atamshika mkono mbele ya walinzi na kusema kwa kinywa chake, "Huyu ni wangu." Akishasema, kosa la zimwi ni kosa lake; zimwi akifungwa, naye anafungwa.

"Kwa kinywa chake?" Kinyozi aliuliza. "Si kwa dadu?"

"Kwa kinywa chake. Na mkono amshike kweli, pale mezani."

Kinyozi aliiacha mashine ikinguruma hewani. Si mjinga yule. Alijua Cheche angemchagua nani, na alijua kwamba dada mtu anajua.

"Dada," alisema taratibu, "mambo mengine waachie dadu."

"Nyoa mzee wa watu," alisema Sindano.

Tuseme ukweli. Alikuwa ameona. Alikuwa ameona jinsi wifi yake anavyokaa upande wa kulia tu wa Cheche, anavyokiweka kikombe mezani badala ya kumpa mkononi, anavyozungumza na kifungo cha shati lake. Hakumlaumu, maana yeye mwenyewe, dada wa damu, usiku wa kwanza alimtazama amelala akatoka kwenda kutapika. Lakini alimpenda yule binti na alitaka abaki. Tena alikuwa ameishi maisha yake yote kwenye kazi ambayo kitambaa, kikitaka kisitake, kikishonwa kinashika. Alidhani mtu akishalitamka neno mbele ya watu, hata kwa mchezo, litamshika. Nani angemwambia vingine? Hakuwa amewahi kumwambia mtu "huyu ni wangu" isipokuwa mdogo wake, na huyo alipewa akiwa mchanga.

Alimsomea Cheche kabila lake jipya kupitia mlangoni, amekaa sakafuni kwenye kikorido. Konokono, matete, mashangazi. Alipofika kwenye kuoga, akasikia sauti iliyomfanya anyamaze, akadhani mdogo wake amebanwa na kifua. Alikuwa anacheka.

"Wanaoga sana?" alisema Cheche.

"Sana. Kuliko nyinyi binadamu."

Jumapili alitoka chumbani. Alivaa shati safi, akakaa, na Kinyozi akamtazama usoni moja kwa moja, akamwambia kwamba kwa zimwi ndevu hizo zinatisha kuliko kovu, apite saluni. Wote wakacheka, na wifi naye, kwa kuchelewa kidogo. Sindano alipouliza mdhamini ni nani, Cheche alielekeza kidole kwa mpiga mishale. "Nani mwingine?" alisema. Wifi akaitikia kwa kichwa, macho yako kwenye dadu.

Ikaanza safari. Kwa Jumapili kadhaa walipita misitu na mabonde, na zimwi la Cheche likawa ndilo roho ya hadithi. Alilipa sauti nzito ya polepole. Alilifanya mwoga wa vyura. Lilimbeba mbilikimo mabegani kuvuka mto, lilimsimulia mpiga mishale habari za shangazi zake, na siku moja lilimwokoa kutoka kwenye shimo la nyoka kwa dadu moja tu nzuri iliyowainua wote vitini. Wifi alipiga makofi siku hiyo. Sindano aliyaona makofi hayo, akaenda nayo kazini, na wiki ile hata wateja wakorofi walijibiwa kwa adabu.

Jumamosi moja Cheche alimkuta dada yake jikoni akisugua sufuria, akasimama mlangoni, uso wake wote nje kwenye mwanga.

"Bosi bado ameniwekea nafasi?"

Sindano hakugeuka, asije akamshtua. "Bado. Aliniuliza juzi."

"Kesho tunafika mjini, si ndiyo?"

"Mkienda vizuri."

"Basi tuanze na zimwi kwanza. Yeye akipita langoni, Jumatatu na mimi nitashuka hizo ngazi." Akajaribu kucheka. "Naogopa, dada. Mtu mzima naogopa dadu."

"Langoni hakuna dadu."

"Ndiyo maana naogopa."

Kama kuna wakati wa kuirudisha ile kanuni mfukoni, ulikuwa huo. Msimulizi ana mamlaka yote. Angeweza kuuteketeza mji kwa moto kabla hawajafika, angewalaza walinzi, angeleta mvua. Hakufanya. Alikuwa ameyakumbuka makofi ya wifi, akajipa moyo, na moyo wa kujipa ni mbaya kuliko kukata tamaa, kwa sababu unakupeleka mpaka mwisho.

Jumapili walifika langoni. Sindano alikunja mikono, akashusha sauti akawa mlinzi.

"Simameni hapo! Huyo wa nyuma ni nini?"

"Mtalii," alisema Kinyozi.

"Sikukuuliza wewe, mfupi. Nauliza, huyo wa nyuma ni wa nani?"

Cheche alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja kikitazama dari, vidole vyenye mabonde vimefunguka. Alimtazama mchumba wake kwa lile jicho moja, na jicho halikuwa la zimwi lolote. Lilikuwa lake yeye, na kila aliyekaa pale alijua hivyo.

Wifi alifungua mdomo. Mkono wake ulitoka mapajani, ukapanda mezani, ukafika kwenye pindo la mkono wa shati la Cheche, ukashika kitambaa. Kitambaa tu. Ulikaa hapo. Sindano akafanya jambo ambalo hatajisamehe: aliuliza tena.

"Huyu ni wa nani?"

"Jamani walinzi wenyewe wana usingizi," Kinyozi alisema kwa haraka, "tuzunguke tuparamie ukuta, mimi najua..."

"Nyamaza, ndugu yangu," alisema Cheche. Alisema kwa upole.

Wifi aliachia lile pindo. "Naomba nikanywe maji," alisema, akainuka akaingia jikoni. Walisikia bomba likifunguliwa. Walikaa wakilisikiliza. Maji yalitoka, yakatoka, na ilichukua muda kabla ya yeyote kukubali moyoni kwamba hakuna kiu ya namna hiyo. Kinyozi ndiye aliyekwenda kutazama. Bomba lilikuwa linamwaga kwenye sinki tupu, na mlango wa kutokea, ulio kando ya jiko, ulikuwa umeegeshwa.

Kinyozi alilifunga bomba. Alirudi mbio, akaukamata ule mkono uliokuwa bado mezani, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ghorofa ya chini, "Huyu ni wangu! Mlinzi, unasikia? Huyu ni wangu mimi!"

"Wewe sikukuchagua," Cheche alimwambia.

"Acha ujinga."

"Kanuni inasema habadilishwi. Sivyo, dada?"

"Naibadilisha," alisema Sindano. Sauti ya mlinzi ilikuwa imemtoka, na yake haikuwa imerudi. "Kanuni niliitunga mimi, naibadilisha mimi. Pita. Zimwi amepita. Ameingia mjini, wamemkaribisha."

Cheche alitikisa kichwa. "Umeitunga vizuri, dada. Usiiharibu." Aliutoa mkono wake taratibu kwenye mikono ya Kinyozi, akaupigapiga mmojawapo, kama mtu anayempa pole mfiwa. "Zimwi anageuka, anarudi kwenye kinamasi. Andikeni hivyo." Akainuka akaingia chumbani, na safari hii mlango hakuubamiza.

Jumatatu hakushuka ngazi. Wala Jumatatu nyingine. Bosi wake alisubiri kadiri bosi anavyoweza kusubiri, kisha siku moja Cheche mwenyewe akamkabidhi Kinyozi kinyago chake cha kuchomelea, ampelekee huyo aliyechukua nafasi, kabla hakijaharibika kwa kukaa. Kinyozi alikuja Jumapili mbili tatu zaidi. Walikaa yeye na Sindano mezani, wakanywa chai, wakasemezana habari za saluni na makochi. Hadithi hakuna aliyeithubutu. Baadaye akawa anapita tu mlangoni, kisha akawa anatuma salamu. Sindano alirudi kuwa Sindano, isipokuwa kwamba mteja akija juu sasa hakumjibu. Alilichukua kochi, akafumua mshono, akashona upya, na bosi wa karakana alianza kutamani matusi yake.

Na Cheche? Alikula alicholetewa. Hakugeukia ukuta tena, kwa sababu kugeukia ukuta ni kujali unavyoonekana. Dada yake alimzungumzisha habari za karakana na za jengo, naye aliitikia vizuri, kwa heshima, kama mgeni anayengoja usafiri wake.

Wifi alirudi siku moja mchana. Sindano alikuwa nyumbani ana homa, ndiye aliyefungua. Binti alikuwa amekonda, ameshika nguzo ya mlango na hakuvuka kizingiti.

"Shikamoo, wifi."

Sindano hakuitikia. Hakufunga mlango pia.

"Sikuja kusumbua," binti alinong'ona. "Nilitaka kukushukuru tu."

"Kunishukuru?"

"Nilikuwa nimeshakufa, wifi. Kila nikija nasema leo nitamwambia, na sikuweza, na ningeolewa hivyo hivyo, ningekaa naye miaka ninatazama kifungo cha shati. Wewe uliliona. Ukanitengenezea pa kutokea." Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. "Mtu mwingine angenifungia mlango. Wewe ulinifungulia. Sitakusahau."

Sindano alimtazama. Alitaka kumwambia kwamba pale alijenga ukuta, hakujenga mlango. Kwamba kila neno la ile kanuni alilishona ili asiweze kutoka. Ulimi ule uliozoea kutoa watu damu ulitafuta la kusema kinywani, ukakosa.

"Usiniite wifi," ndilo lililotoka.

Kutoka chumbani Cheche akaita. "Dada! Ni nani hapo?"

Wanawake wawili wakatazamana. Binti alitikisa kichwa, macho yamemtoka, akiomba.

"Mteja," Sindano alijibu. "Amekuja kuulizia kochi."

Chumbani kitanda kililia mara moja. Sindano alidhani amelala tena.

"Mwambie mteja wako akishuka ashike ukuta," alisema Cheche. "Ile ngazi ya chini imevunjika tangu aache kuja, na huwa anashuka kwa haraka."

Binti alishuka ameshika ukuta.